Benguela kwa Macho ya Likasi: Mji wa Kireno Mwishoni mwa Njia ya Shaba

Katika taaluma ya Kiswahili neno "pwani" limezoeleka kuelekezwa upande mmoja tu wa dira, yaani mashariki. Pwani ni Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Na anapotajwa Mreno, msomaji hukumbuka mara moja Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Mazoea hayo yana msingi wake. Hata hivyo, kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dira hiyo haitoshi. Reli inayopita mjini mwake, ikifuatwa kuelekea magharibi kupitia Kambove, Tenke, Kolwezi na Dilolo, huingia Angola na hatimaye humfikisha kwenye Bahari ya Atlantiki, katika mji wa Benguela, na kilomita 30 hivi mbele yake, kwenye bandari ya Lobito. Njia yote ni karibu kilomita 2,000. Benguela ni mji wa Kireno wa tangu mwaka 1617.

Makala haya yana nia ya kumweleza msomaji mji huo na vitongoji vyake, hususan msomaji atakayeuzuru akitokea Katanga. Pamoja na hayo, yanakusudia kuonyesha kwamba Benguela ina nafasi katika historia ya Waswahili na ya lugha yao, ingawa ni nadra kutajwa katika vitabu vya somo hilo.

Waliofika kwa miguu

Mwezi Aprili mwaka 1852 wakazi wa Benguela waliona jambo ambalo halijapata kuonekana mjini humo. Msafara wa wafanyabiashara kutoka Zanzibar uliingia mjini ukitokea bara. Viongozi wake walikuwa watatu, na Wareno, waliowaita "Wamoro" kama walivyozoea kuwaita Waislamu wote, waliandika habari zao katika gazeti rasmi la serikali ya Angola. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Said bin Habib, Mwarabu wa Zanzibar. Walikuwa wamelivuka bara zima, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi pwani ya Atlantiki, kabla ya David Livingstone kukamilisha safari yake ya kutoka Luanda hadi Quelimane mwaka 1856. Maelezo ya Said bin Habib yalichapishwa na chama cha jiografia cha Bombay, India, mwaka 1860, nayo yanaitaja Katanga miongoni mwa nchi alizopita.

Gavana wa Benguela hakuichukulia safari hiyo kuwa kioja tu. Kwa muda mrefu serikali ya Ureno ilikuwa na ndoto ya kuziunganisha Angola na Msumbiji, na hawa hapa watu waliokuwa wameitembea njia yenyewe. Zawadi ya fedha na cheo cha heshima vikatangazwa kwa yeyote ambaye angefuatana nao hadi Msumbiji. Mfanyabiashara António Francisco da Silva Porto, aliyekuwa na makazi Bihé, alifunga safari pamoja nao mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwenyewe alirudi akiwa katika nchi ya Walozi, lakini watumishi wake Waafrika waliendelea na njia na kufika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1854. Inafaa kusisitizwa kwamba waliokamilisha kazi iliyotangaziwa zawadi walikuwa wapagazi, ilhali jina lililobaki vitabuni ni la bwana wao.

Safari ya pili inayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili ni ile ya Mwingereza Verney Lovett Cameron. Aliondoka Bagamoyo mwaka 1873 na kufika Catumbela, karibu na Benguela, mwezi Novemba 1875, akiwa mgonjwa wa kiseyeye na karibu kufa. Nyapara mkuu wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa hadi India, akarudi Zanzibar, kisha akawaongoza Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Bombay na wenzake walizungumza Kiswahili. Kwa hiyo mwaka 1875 lugha hiyo ilisikika katika mitaa ya Catumbela na Benguela, vinywani mwa watu waliokuja nayo kwa miguu kutoka Bagamoyo. Walirudishwa Zanzibar kwa chombo cha baharini, kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Sehemu ya mwisho ya safari hiyo Cameron aliisafiri pamoja na msafara wa José António Alves, mfanyabiashara wa Bihé. Humo ndimo alimoshuhudia jambo ambalo mgeni wa Benguela hana budi kulijua kabla hajaanza kuusifu mji kwa uzuri wake. Mwenzake Alves, aitwaye Coimbra, alifika kambini na wanawake 52 waliofungwa kamba kwa makundi. Baadhi yao walikuwa wamebeba watoto, wengine walikuwa wajawazito, na wote walibebeshwa mizigo. Cameron alikadiria kwamba vijiji 10 viliangamizwa ili wapatikane hao 52. Walitoka katika nchi za Waluba, kaskazini mwa migodi ya shaba. Kwa maneno mengine, njia iliyoiunganisha Katanga na Benguela ilikuwa njia ya nta, ya pembe za ndovu na ya shaba, na ilikuwa njia ya watu waliouzwa.

Kati ya pwani hizo mbili alikaa Msiri. Huyu alikuwa mtu wa Unyamwezi aliyejijengea dola ya Wayeke katika nusu ya pili ya karne ya 19, na makao yake makuu yalikuwa Bunkeya, kaskazini ya mahali ulipo mji wa Likasi leo. Aliuza shaba, pembe na watumwa upande wa mashariki kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, na upande wa magharibi kwa Waovimbundu waliotoka nyanda za juu za Bihé. Kutoka pande zote mbili alinunua bunduki, baruti na nguo. Mmoja wa wake zake mashuhuri, Maria da Fonseca, alikuwa na asili ya Kireno na alitoka upande wa Angola. Mmisionari wa kwanza kuishi Bunkeya, Frederick Stanley Arnot, alifika hapo mwaka 1886 akitokea Benguela. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na kikosi kilichotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kikosi hicho kilitokea Zanzibar. Ni mifano michache ya historia ya bara inayoonyesha kwa uwazi kiasi hiki jinsi pwani mbili zilivyovutana juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Mji wenyewe

Benguela ilianzishwa na Manuel Cerveira Pereira, aliyewasili kwa merikebu mwezi Mei 1617 na kuipa ngome yake jina la Mtakatifu Filipo, kwa heshima ya mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa wakati mmoja. Alikuja akitafuta migodi ya shaba iliyosemekana kuwapo karibu na pwani. Shaba hiyo haikumpa utajiri alioutarajia, na ni kejeli ya historia kwamba shaba yenyewe, ile nyingi, ilikuwa umbali wa kilomita 2,000 ndani ya bara, ambako wafua shaba wa Kisanga waliiyeyusha na kuikalibu katika umbo la msalaba bila kumjua Mreno yeyote. Waholanzi waliuteka mji mwaka 1641 na kuushikilia hadi 1648.

Kilichoutajirisha mji katika karne zilizofuata ni biashara ya watumwa. Kwa makadirio ya wanahistoria, watu zaidi ya laki sita walipakiwa merikebuni Benguela na kuvushwa Atlantiki, wengi wao wakipelekwa Brazil. Idadi hiyo inauweka mji huu mdogo miongoni mwa bandari kubwa kabisa za utumwa barani Afrika. Ureno ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1836, na Brazil ikafunga kweli milango yake mwaka 1850. Miaka miwili baadaye ndipo Said bin Habib alipoingia mjini, wakati wafanyabiashara wa Benguela wakiigeukia nta na pembe ili kuziba pengo.

Mgeni aliyezoea Ngome ya Yesu asitarajie kukuta Benguela ukuta wa namna ile. Jengo la kutazamwa kwanza ni Kanisa la Nossa Senhora do Pópulo, lililojengwa mwaka 1748, la kuta nyeupe, lisilo kubwa wala la fahari, nalo ni miongoni mwa makanisa makongwe ya kusini mwa Angola. Jengo la pili ni Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, yaliyoanzishwa mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Angola. Jumba lake liko karibu na ufuo, nalo ni ghala la kale linalohusishwa na biashara ya watumwa. Mtu aliyetoka Katanga angefanya vyema kusimama hapo kwa muda mrefu kuliko kanisani.

Mengine ya mjini hutazamwa kwa kutembea tu. Nyumba za zamani ni za ghorofa moja au mbili, za vigae na rangi nyepesi. Barabarani imepandwa miti ya mkrismasi, ambayo Wareno huiita akasia nyekundu, na kwa ajili yake mji umepewa jina la utani la mji wa akasia nyekundu. Ufuo wa katikati ya mji huitwa Praia Morena. Hali ya hewa huweza kumshangaza mtu wa Likasi aliyezoea masika ya radi ya kuanzia Novemba, kwani pwani hii ni kavu, karibu na jangwa, kwa sababu ya mkondo wa maji baridi upitao baharini, unaoitwa kwa jina la mji wenyewe. Mkondo huohuo ndio unaoleta samaki wengi. Ndiyo maana Baía Farta, kusini ya Benguela, ni mji wa wavuvi na wakaushaji wa samaki. Fukwe za Caota, Caotinha na Baía Azul ziko upande huo pia, kati ya majabali makavu, na ndizo wanazozipenda wakazi siku za mapumziko. Mwandishi Pepetela, aliyezaliwa Benguela mwaka 1941, ameuandikia mji wake riwaya iitwayo Yaka, inayofuata ukoo wa walowezi kutoka mwaka 1890 hadi 1975.

Kaskazini, njiani kuelekea Lobito, uko mji wa Catumbela kando ya mto wa jina hilo, uliokuwa maarufu kwa mashamba ya miwa. Hapo ndipo misafara kutoka Bihé ilipoishia kwanza, na hapo ndipo Cameron alipookolewa. Mwandishi wa habari Mwingereza, Henry Nevinson, aliifuata njia hiyo ya misafara miaka ya 1904 na 1905, akakuta pingu za mbao zimetupwa kandokando yake. Watu walikuwa bado wakiteremshwa pwani kwa jina la vibarua wa mkataba, wakipelekwa katika mashamba ya kakao ya São Tomé, ambako wengi hawakurudi. Kitabu chake cha mwaka 1906 kilichangia kuwafanya watengenezaji chokoleti wa Kiingereza waache kununua kakao ya kisiwa hicho mwaka 1909.

Lobito ni mji mchanga ukilinganishwa na jirani yake. Ulianzishwa kwa amri ya Malkia Maria wa Pili mwaka 1843, lakini haukupata uhai wa kweli hadi reli ilipofika. Sehemu yake ya kuvutia ni Restinga, ulimi mrefu wa mchanga unaoikinga bandari dhidi ya mawimbi, wenye nyumba za zama za ukoloni pande mbili za barabara. Katika vidimbwi vya karibu huonekana korongo wekundu.

Reli

Pingu alizoziona Nevinson zilikuwa bado hazijaoza wakati mataruma ya reli yalipokuwa yakitandikwa jirani yake. Mskoti Robert Williams, aliyepata haki za uchimbaji Katanga, alipewa na Ureno kibali cha kujenga reli hiyo tarehe 28 Novemba 1902, kwa muda wa miaka 99. Ujenzi ulianza mwaka 1903, ukakwama mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha na kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufika mpakani mwaka 1929, umbali wa kilomita 1,344 kutoka Lobito. Upande wa Kongo, kipande cha Tenke hadi Dilolo kilikamilika mwaka 1931. Mwaka huo huo mji wa Likasi ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ya Union Minière, jina lililodumu hadi mwaka 1966.

Kwa Likasi maana ya reli hiyo ilikuwa ya moja kwa moja. Tangu mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilikuwa kikisafisha shaba kwa umeme, na hadi wakati huo shaba ya Katanga ilizoea kuteremka kusini, kupita Rhodesia, hadi Beira. Njia ya Lobito ilikuwa fupi zaidi na iliikaribisha shaba na masoko ya Ulaya. Mgeni anayesafiri kwa reli hiyo katika nyanda za juu za Angola bado ataona misitu ya mikaratusi iliyopandwa kando ya njia. Ilipandwa kwa makusudi, iwe kuni za magarimoshi.

Mwaka 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Angola viliifunga njia hiyo kwa mizigo ya Katanga. Shaba ikapitishwa kusini, ikapelekwa kwa reli na mashua hadi Matadi, au ikapelekwa Dar es Salaam. Vita viliisha mwaka 2002. Wachina waliijenga upya reli ya upande wa Angola kati ya mwaka 2006 na 2014, na mwaka 2018 madini ya Kongo yalianza tena kushuka Lobito. Mwaka 2022 Angola ilitoa kibali kingine, cha miaka 30 safari hii, kwa kundi la makampuni ya Ulaya, na mwezi Desemba 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Lobito mwenyewe kuitazama reli hiyo.

Tangu hapo "ushoroba wa Lobito" umekuwa neno la kila mkutano. Husemwa habari za kobalti na shaba, za tani na za siku zitakazookolewa njiani. Watu waliotembea njia hiyo kabla ya reli, wale 52 wa kambi ya Alves, wapagazi wa Silva Porto, na akina Bombay, hawatajwi. Kwa mwanafunzi wa Likasi, ambaye huenda ukoo wake ulipoteza watu katika njia hiyohiyo, ukimya huo si jambo dogo.

Maneno yaliyosafiri

Lugha hubadilika hatua kwa hatua njiani. Kuanzia Likasi hadi Kolwezi msafiri husikia Kiswahili cha Katanga. Dilolo Kichokwe na Kilunda hushika nguvu. Na kuvuka tu Luau, Kifaransa huachia Kireno nafasi, ingawa Kichokwe kiko pande zote mbili za mpaka. Kuanzia Bihé hadi baharini lugha kuu ya wenyeji ni Kiumbundu. Mswahili hatakielewa, lakini akitega sikio hatakuwa mgeni kabisa: mbwa ni ombwa, ng'ombe ni ongombe, na tatu ni tatu.

Jambo lenye ladha zaidi ni maneno ya Kireno. Mtu wa Likasi atakayeona bendera ikipepea Benguela atasikia ikiitwa bandeira, na meza ya hotelini itaitwa mesa. Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Ila hayakumfikia kutoka Benguela. Bendera iliingia katika Kiswahili huko Mombasa na pwani ya mashariki katika karne ya 16 na ya 17, kisha ikasafiri na misafara na baadaye na wafanyakazi wa migodi hadi Katanga. Ushahidi ni umbo lake, kwani Kilingala, kilichokutana na Wareno upande wa Atlantiki, kina bendele. Kwa meza hali haiko wazi hivyo, maana Kilingala nacho husema mesa, na haiwezekani kuapa kwamba neno la Likasi halikupata nguvu kutoka pande zote mbili.

Gereza lina kisa chake. Asili yake ni igreja, yaani kanisa. Na kwa kuwa kanisa la Wareno wa Mombasa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome hiyo ikatumiwa na Waingereza kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, neno la sala likaishia kwenye minyororo. Likasi neno hilo halikushika mizizi. Mfungwa wa huko yuko buloko. Basi mgeni kutoka Likasi huambiwa igreja Benguela bila kutetemeka, ilhali mwenzake wa Mombasa angeweza kutabasamu.

Lipo neno ambalo hakika lilitoka magharibi. Likasi, kama sehemu nyingine za Kongo, bakshishi huitwa matabishi. Asili yake ni Kireno, matabicho, maana yake ya neno kwa neno ikiwa "ua mdudu", yaani kileo kidogo kinachonywewa asubuhi kumtuliza mdudu wa tumboni. Lilipenya bara kutokea Atlantiki, iwe kwa mlango wa Mto Kongo au kwa Angola, likapoteza kileo na kubakiwa na sarafu. Angola lenyewe lilichukua mkondo mwingine, na huko leo ni chakula cha asubuhi. Kwa hiyo mtu wa Likasi akiamka hotelini Lobito na kuulizwa na mhudumu kama tayari amepata matabicho, asikimbilie kutia mkono mfukoni, anakaribishwa chai.